Mkono Huu Haukandwi

Dada unayesoma haya, kama wamekukata titi na mkono wa upande ule umeanza kujaa, nisikilize kabla hujapewa uji. Mtu yeyote asiukande huo mkono kwa maji ya moto. Asiwe mama yako, asiwe mkweo, asiwe yule mama wa mtaani aliyekanda wazazi wote mpaka akapewa heshima ya mkunga. Akija na sufuria, mfukuze. Akilia, mwache alie. Utaambiwa huna adabu, lakini mkono utabaki nao.

Mimi sikumfukuza mtu, na ndiyo maana naandika nikiwa na hasira. Nimesoma maandishi ya wenzangu waliougua ugonjwa huu wakapona. Wanaandika kwa upole, wanamshukuru kila mtu hadi mfagiaji wa wodi. Hongera zao. Mimi wa kuwashukuru ni wachache, na nikiwafikia nitawataja.

Naitwa Halima. Hilo ni jina alilonipa baba, Mmakonde wa Mikindani aliyepelekwa kusomea mitambo Kharkiv, Ukraine, akarudi na cheti na mke mweupe. Mama akaniita Halyna. Kila mmoja alidhani amemshinda mwenzake. Nilizaliwa Mtwara, nikala mihogo na dagaa kama watoto wa jirani, nikapigwa kama wao. Nilipokuwa nakaribia kuvunja ungo ndoa yao ikafa, mama akanichukua tukaenda kwao.

Shangazi Somoe, dada mkubwa wa baba, hajamsamehe mama mpaka leo, na mama alishakufa zamani. "Aliniibia mwali wangu," ndivyo anavyosema, tena mbele za watu. Kwetu shangazi ndiye anayesimama unyagoni ukichezwa, na ukizaa ndiye anayekuja na sufuria kukukanda. Mimi sikuchezwa. Niliolewa kule, nikaachika kulekule, wala sikuzaa. Kwa Shangazi Somoe nilikuwa kazi iliyoachwa katikati, na yeye si mtu wa kuacha kazi katikati.

Kharkiv walinitia shule ya muziki. Mwalimu wangu wa kwanza aliniangalia vidole akasema hivi ni vya kulimia, halafu akavichapa kwa rula ujana wangu wote. Nikawa mpiga piano wa jukwaani, mwenye gauni refu jeusi na jina kwenye mabango. Usidhani ni raha. Nimepiga katika miji ya migodi ambako mabomba ya joto yamekufa, watu wamekaa na makoti yao ukumbini, nami nimevaa glavu zilizokatwa ncha mpaka dakika ya kupanda jukwaani. Nimefika ukumbini mlinzi akanionyesha mlango wa wacheza ngoma. Gazeti moja lilinisifu kwa "mdundo wa damu ya Afrika" katika muziki uliotungwa na Mjerumani wa kanisani. Nilitamani kumfuata mwandishi nikamwonyeshe mdundo wenyewe kichwani kwake.

Lakini nilikuwa hodari, nasema bila haya. Katika muziki ule, sauti ya juu, ile ambayo msikilizaji anarudi nayo nyumbani, mara nyingi inaangukia kidole cha mwisho cha mkono wa kulia. Ni kidole dhaifu kwa watu wote. Kwangu ndicho kilichonilisha. Watu walikuwa wanapanda treni kuja kusikiliza hicho kidole.

Vita ikaja. Sitaisimulia hapa, haya ni maelezo ya mkono. Piano yangu niliiacha ghorofani, madirisha yamevunjika na theluji inaingia. Okestra yetu ikatawanyika, halafu kiongozi wake, Taras, mtu mkavu ambaye sijawahi kumwona akicheka, akaikusanya upya katika mji mmoja wa Ujerumani. Nilipiga nao msimu mmoja. Kisha baba akafa Mikindani, nikaja kumzika.

Uvimbe wa titi niliugusa nikiwa naoga, siku za matanga. Kila niliyemweleza aliniuliza kwa nini sikurudi Ulaya kwenye hospitali nzuri. Daktari wa Mtwara alisema nisingoje, wa Dar akasema hivyohivyo, nami nilikuwa nimechoka na foleni za karatasi za ukimbizi. Kule nilikuwa namba. Hapa nilikuwa mtoto wa marehemu. Nikampigia Taras. Akasema, "Mimi kiti chako nakishika. Msimu ujao unafungua na ile konseto. Ukipona nipigie." Hakusema pole. Kati ya watu wote niliowaambia, ni yeye peke yake ambaye hakunifanya nijisikie maiti.

Dripu ya kwanza ya dawa ya saratani nilipewa Dar wakati huku kwetu mikorosho inapulizwa salfa, ile dawa ya unga wa manjano. Kati ya dripu na dripu nilirudi Mikindani kwa basi, nikiwa na mfuko wa plastiki wa kutapikia, na nikishuka tu ile harufu ya salfa inanipokea kutoka mashambani. Mpaka leo nikiinusa natafuta mfuko. Nywele ziliisha, nyusi zikafuata. Kucha zikawa nyeusi. Ulimi ulikuwa na ladha ya msumari. Hayo nilivumilia. Kilichonitisha ni ganzi. Ncha za vidole zilikufa, nikawa nashika kikombe nisijue nimekishika.

Nikaagiza kinanda cha umeme kutoka Dar, kile chenye vibonye vyote, kikaja kwenye buti ya basi. Nikakiweka chumba cha marehemu baba. Kila asubuhi niliketi nikaipiga ile konseto, muziki wa piano mbele ya okestra nzima, sehemu ya pili, ya taratibu. Nilikuwa naweka kidole nisijue kama kimegusa mpaka nisikie sauti. Umeme ukikatika napiga hivyohivyo juu ya vibonye vikimya, nikihesabu kichwani.

Chumba cha Shangazi Somoe kiko ng'ambo ya ukuta. Alikuwa anakaa barazani kwake kubangua korosho na kunitolea hukumu.

"Hicho kitu ndicho kilichokula titi lako," alisema siku moja, sauti ikipita dirishani. "Umekiinamia tangu utoto. Kimekunyonya."

"Shangazi, hiyo ni plastiki."

"Hata chupa ni plastiki, na watoto wananyonya."

Wageni walikuja kuniona. Ee Mola, wageni! Kila mmoja na lake. Mmoja alisema titi lisilonyonyesha hugeuka, alisema huku anakunywa chai yangu. Mwingine aliniuliza kama mume wangu wa Kizungu ndiye aliyenirudisha nikiwa mbovu. Mwingine aliomba nimvulie kitambaa aone kichwa. Shangazi Somoe aliwasikiliza wote kwa adabu, na walipoondoka alisema, "Wanakupenda." Nikamwambia wakinipenda zaidi ya hapo nitakufa mapema.

Sebule ya kungojea pale Dar ndiyo iliyonifundisha kuchukia. Mabenchi ya chuma, yenye matundu, yanayoacha alama mapajani. Televisheni iliyofungwa juu kabisa ili mtu asiweze kuizima, na mwigizaji analia ndani yake kuanzia asubuhi. Wanawake tumejifunika khanga kifuani, kila mmoja anamtazama mwenzake kujua nani amebaki na yote mawili. Jina langu la ukoo wa mume lilikuwa linawashinda, wanaliita mara tatu kwa namna tatu, nami nikisimama sebule nzima inageuka: "Kumbe ni huyu chotara!"

Mama Fatu wa Lindi nilimkuta pale. Mwanzo tuligombana, maana alikuwa ameweka kapu mahali pangu.

"Hapa hakuna kiti cha mtu," alisema. "Labda kule Ulaya kwenu."

"Kwetu ni Mikindani."

Akanitazama kuanzia kichwa cha upara mpaka ndala. "Mikindani? Basi kumbe we ndugu yangu ndo maana una kiburi." Akaondoa kapu. Tangu siku hiyo, aliyewahi alimwekea mwenzake nafasi ya pembeni, upande wa ukuta, ili sehemu inayouma isigongwe na wapitao. Huyo namshukuru. Alikuwa akimenya chungwa na kunipa nusu bila kuuliza kama ninaweza kula, na nilipotapika hakusema pole, alisogeza miguu.

Korosho zilipomaliza kuanguka wakanikata titi la kulia na tezi za kwapani. Niliamka nikiwa nimefungwa kama kifurushi na mpira unatoa maji ubavuni. Kitu cha kwanza nilichofanya ni kutikisa kidole kidogo cha kulia. Kilitikisika. Nikalia kwa furaha, sista akadhani nalilia titi. Akanipapasa begani akasema, "Usijali mama, siku hizi kuna ya bandia."

Mionzi ilichukua masika karibu yote. Ngozi ikaungua ikawa na rangi ya ngozi ya ngoma, ikabanduka. Siku ya mwisho sista alinipa maelekezo tukiwa tumesimama mlangoni, foleni inasukuma nyuma yangu, mlango unafunguliwa na kufungwa. Mkono huu usibebe mzigo. Usipimwe presha. Usichomwe sindano. Labda alisema na habari ya joto, labda hakusema. Mimi niliyoyasikia ni hayo matatu. Mama Fatu alikuwa bado ana siku zake za mionzi zimebaki. Tulibadilishana namba, akanisindikiza mpaka getini na kapu lake.

Nikarudi Mikindani nikijua nimemaliza. Vidole vilianza kupata hisia, mvua zimekata, nami niliketi kwenye kinanda kila asubuhi na kila alasiri. Kabla ya mwezi kuisha nikaona bangili ya mama hainitoki. Mkono ulikuwa umejaa kuanzia kiwiko. Haukuuma, ulikuwa mzito tu. Nikamwambia Shangazi Somoe, na nakiri sura yake iling'aa. Hatimaye nilikuwa na kitu anachokijua.

"Hiyo ni damu mbichi," alisema. "Umekatwa kisu kikubwa hivyo, halafu hukukandwa? Mwanamke akizaa tu anakandwa, sembuse wewe uliyechinjwa! Hao madaktari wanakutoa nyama wanakurudisha na baridi ndani."

Akafanya kama mzazi amerudi nyumbani. Akaninyima maji baridi. Akanipikia uji wa pilipili manga na supu ya pweza. Asubuhi akaja na sufuria lile kubwa la shughuli, linatoa moshi, majani ya mwarobaini yanaelea, na taulo mbili.

"Shangazi, moto hivyo?"

"Mgonjwa haulizwi uji."

Akaanza na mgongo, akaja bega, akashuka mkononi. Anakamua taulo, anaweka, anabonyeza kwa uzito wake wote, huku anaimba kwa Kimakonde nyimbo ambazo nilipaswa kuzisikia nikiwa binti. Sitadanganya, siku ile ya kwanza nililala usingizi ambao sikuwa nimeupata tangu Kharkiv. Nilikuwa mtu mzima mwenye mvi zinazoota upya, na nilikuwa nakandwa na shangazi yangu. Nikafikiri, kumbe haya ndiyo niliyokosa. Akanikanda siku iliyofuata, na iliyofuata tena, maji yakizidi moto kila siku kwa sababu mkono ulikuwa unazidi kujaa, na kwake yeye hiyo ilikuwa dalili kwamba baridi inatoka.

Halafu ngozi ikawa nyekundu, inang'aa, yenye malengelenge. Homa ikanipanda nikatetemeka mpaka kitanda kikagonga ukuta. Vidole vilivimba vikaachana, havikunji wala havinyooki. Nilijaribu kutikisa kidole kidogo. Hakikujibu.

Hospitali ya Mtwara wakanilaza, wakanitundikia dawa mkono wa kushoto. Daktari, binti mdogo mkali, aliuinua ule mkono wa kulia kwa ncha za vidole kama mtu anayeinua samaki aliyeoza.

"Nani amemkanda huyu?"

Shangazi Somoe alikuwa amesimama dirishani. Akatazama nje.

"Nauliza, nani kamwaga maji ya moto kwenye mkono usio na tezi? Mnajua angeweza kufa?"

Nami sikumtaja, maana nilikuwa nangoja ajitaje mwenyewe. Daktari alipoondoka ndipo nilipopasuka.

"Umeniua mkono!" nilimpigia kelele, wodi nzima ikaamka. "Miaka yote, vita yote, saratani yote, mkono ulikuwa mzima! Umekuja wewe na sufuria lako umeuua! Hukuniweza nilipokuwa mtoto, umeniweza sasa!"

Akajifunga khanga vizuri. "Maji ya moto hayachomi nyumba, mwanangu," alisema. "Piga kelele. Ukichoka utanyamaza."

Alikuwa na maana kwamba maneno yangu hayamfanyi kitu. Ndivyo watu wote wanavyoitumia hiyo methali. Lakini kuisema mbele ya mkono ule! Kama ningekuwa na nguvu ningemtupia chombo cha kukojolea.

Niliporudi nyumbani nikamsikia barazani anamweleza jirani: "Ni mionzi ile ya Dar. Imemuunguza mkono, maskini." Jirani akaitikia, "Mionzi mibaya." Nikasimama nyuma ya mlango, nimeshika mkono wangu mmoja kwa mwingine, nikaapa sitasema naye tena. Si kwa sababu alikosea. Kukosea alikosea kwa kunipenda, hilo nililijua hata katika homa. Lakini kusingizia mionzi ili yeye abaki mkandaji anayeaminika, hapana! Potelea mbali.

Nikatimiza. Nilipika kwa mkono mmoja, nikala peke yangu. Sahani yake aliyoiweka mlangoni kwangu niliwamwagia kuku, na kuku walinenepa. Yeye naye hakuomba radhi, alibangua korosho zake. Nyumba ya baba ikawa na watu wawili wasiosalimiana. Kwa mtu wa Mikindani kutomwamkia shangazi yako asubuhi ni jambo la kuitishiwa kikao, na ndugu waliitisha. Sikwenda. Shangazi alikwenda, akarudi, sijui walisema nini.

Mama Fatu ndiye aliyeniokoa, kwa simu. Alikuwa na mkono kama wangu. Akanitumia soksi yake ya kubana mkono, ile ya pili, kwa basi la Lindi, imefungwa ndani ya khanga, na kunieleza kwamba haitaingia mpaka nifunge bendeji kwanza na mkono upungue. Akanieleza namna ya kupapasa ngozi taratibu, kuelekea begani, kwa wepesi kama unafuta vumbi kwenye kitabu. "Usibonyeze," alisema. "Ukibonyeza nakuja kukupiga."

Sasa jaribu kujifunga bendeji kuanzia vidole mpaka kwapani kwa mkono mmoja. Nilishika ncha kwa meno. Ikafyatuka. Nikaikalia. Ikafyatuka. Ilikuwa asubuhi, nipo barazani, natukana kwa Kiukraine maana kina matusi ya kutosha. Shangazi Somoe akaacha korosho zake. Akaja, akaketi kwenye kigoda mbele yangu, akashika ncha ya bendeji kwa vidole viwili. Akaishikilia mpaka nikamaliza kuzungusha. Kisha akaondoka. Kesho yake akaja tena wakati uleule. Ikawa kila asubuhi. Alishika ile ncha tu, mkono wenyewe hakuugusa hata mara moja, na mimi sikumtazama usoni.

Salfa ikapulizwa tena mashambani, nikajua mwaka umezunguka. Mkono ulikuwa umepungua, si wote. Vidole vinne vilikunja. Cha mwisho kilikuwa kinakwenda nusu ya njia na kusimama. Nikarudi kwenye kinanda. Sehemu ya pili ya konseto ina mahali ambapo okestra yote inanyamaza na ile sauti ya juu inapanda peke yake, na ninapofika pale kidole kinakosa, panabaki shimo. Nilirudia. Shimo. Nilirudia mpaka mkono ukaanza kujaa tena ndani ya bendeji. Siku moja nilipofika pale na kukosa, nikasikia sauti ng'ambo ya ukuta, kwa utulivu kabisa:

"Umeruka tena."

Nikafunga kinanda kwa kishindo. Nilichukia kwa sababu ilikuwa kweli.

Taras alipiga wakati korosho za kwanza zimeanza kuanguka. Nilikuwa barazani, Shangazi ameshika ncha ya bendeji, mkono wa kushoto umeshughulika, kwa hiyo simu niliiweka kwenye jamvi sauti ikiwa nje. Aliongea Kiukraine, kwa haraka.

"Halyna, tunachapa mabango. Unakuja au huji? Nina mtu mwingine, kijana, si mbaya. Nataka ndiyo au hapana."

Niliutazama ule mkono. Nilikuwa nimeliandaa jibu hilo kwa wiki nyingi, na bado lilinikwama. "Hapana," nikasema. "Mkono umekufa, Taras. Mpe kijana."

Shangazi Somoe hakujua neno hata moja la lugha ile, lakini alikuwa ananitazama usoni.

"Umemwambia nini huyo ntu?"

Yalikuwa maneno ya kwanza ana kwa ana tangu hospitali. Nikamjibu kwa shari yote niliyokuwa nayo. "Nimemwambia siendi. Kiti changu ampe mwingine. Haya, furahi sasa, nimebaki wako."

Hakufurahi. Aliachia ncha, bendeji ikafunguka yote ikaanguka. Akaiokota simu, akaiweka mbele ya mdomo kama kipande cha muhogo, akapaza sauti ili Ulaya wasikie.

"We baba! Unanisikia? Mimi ndiye Somoe. Mimi ndiye niliyenkanda huyu ntoto. Kwa maji ya moto. Niliyachemsha mwenyewe, nikankanda mwenyewe, siku zote zile. Si mionzi! Nilisema mionzi, nilikuwa nadanganya, niliona haya. Ntoto hana kosa, nkono ulikuja nzima, mimi ndiye niliyeuunguza. Unanisikia? Sasa usinpe ntu nwingine hicho kiti. Nnakuomba. Anapiga kila siku, nnansikia. Kimebaki kidogo tu, pale pa juu, pale panaporuka. Ngoja kidogo, baba. Ngoja."

Jirani alikuwa amesimama uani na ndoo yake, amesikia yote. Shangazi alimwona. Hakushusha sauti.

"Nani huyo?" Taras akauliza.

"Shangazi yangu."

"Anasema nini?"

Ningeweza kumtafsiria, lakini yale maneno hayakuwa ya Taras, yalikuwa yangu. "Anaomba ungoje," nikasema.

"Ningoje mpaka lini?"

Nikamgeukia. "Shangazi, anauliza mpaka lini."

Akaweka simu chini. Akauchukua mkono wangu mapajani mwake, mara ya kwanza tangu siku za sufuria, akabonyeza kidogo kwa kidole gumba, pale juu ya kifundo. Pakabaki shimo. Tukakaa wote wawili tunalitazama, likawa linajaa polepole, likajaa, ngozi ikawa sawa.

"Mwambie korosho ziishe," alisema.

Nikamwambia Taras Februari. Nikasikia anafunua karatasi, ananung'unika, anamwita mtu. Kisha akarudi akasema neno fupi, simu ikakatika.

"Kasema nini?"

"Kasema nisichelewe mazoezi."

Shangazi Somoe akaokota bendeji, akaikung'uta mchanga, akaanza kuiviringisha upya. "Basi leta huo nkono," alisema. "Unakaa tu hapo."